Magunia Sita Kwenye Chumba cha Swichi

Vijana wa karakana ya Masasi, daftari lenu nimeanza kulitumia.

Mwezi uliopita mliponiaga mlinipa doti ya khanga, kiti cha plastiki chenye mikono, na daftari hili la jalada gumu. Khanga nimeivaa, kiti nimekikalia, daftari likabaki mezani linanisuta. Niliahidi kuwaandikia mambo ya kazi tangu siku niliyoshika bisibisi ya kwanza, na ahadi ni deni. Halafu mna swali lenu. Siku ile ya kuagwa, katikati ya hotuba, aliingia mzee mmoja wa kofia ya kufuma, akapita kati ya viti, akanibwagia miguuni gunia kuukuu lenye vumbi la njano. Akapiga kelele, "Chukua mzigo wako, Mmakua! Nimechoka kukuwekea!" Wengine mlicheka, wengine mlitaka kumtoa nje mkidhani amelewa, na bwana mkubwa aliyekuwa akihutubia akapoteza ukurasa. Mimi nililia. Tangu siku hiyo kila anayekuja kunisalimu ananiuliza yule mzee ni nani na gunia lilikuwa na nini.

Nitawajibu, lakini kwa mpango wangu. Kwanza mtasoma habari za swichi. Za vyeo na mishahara sitaandika, vyeo vina mafaili yake, na mshahara wa mtu kila mwenzake anaujua kuliko yeye.

Siku ya kwanza kazini nilivaa ovaroli iliyoshonwa kwa ajili ya mwanamume mnene. Mikono niliikunja mara nne, kiuno nikakifunga kwa kipande cha khanga. Fundi mkuu wa swichi alikuwa Mzee Nambunga, Mmakonde wa Newala, mfupi, masikio makubwa, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi mpya, au umemletea fundi mpya chakula?"

"Fundi ndiye mimi."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Haya. Basi chakula utajiletea mwenyewe."

Akanipeleka kwenye chumba cha swichi. Ninyi mmezoea, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuingia: safu ya makabati ya chuma ya kijivu, yamesimama kama watu wanaosubiri kuitwa majina, na mngurumo mdogo usiokwisha. Akaniketisha juu ya sanduku la mbao, akaondoka. Nilikaa asubuhi nzima. Hakuna kilichotokea. Adhuhuri akarudi.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mzee. Yamesimama tu."

"Ndiyo kazi yake hiyo. Yatasimama hivyohivyo mwaka, miaka mitano, miaka kumi. Halafu siku moja mti utaangukia waya kule Chiwata, na hapo kabati hili lina nafasi ya kupepesa jicho tu. Likikosa, ntu anakufa." Alisema "ntu" kama wanavyosema kwao uwandani, kule juu Newala. "Kuwasha hata ntoto anawasha. Swichi tunailipia kwa sababu ya kuzima."

Neno hilo nimelibeba miaka yote, na nimewafundisha ninyi kana kwamba ni langu. Sasa mnajua ni la nani.

Kwa wale waliotoka kitengo cha mita na wasiowahi kuingia chumba hicho, nieleze kwa ufupi. Breka ndiyo yenye nguvu. Inaweza kukata umeme ukiwa unapita kwa wingi, hata wakati wa shoti, kwa sababu imejengwa kuuzima ule moto unaoruka kati ya chuma na chuma. Isoleta ni kisu cha kutenganisha tu. Hii huvutwa baada ya breka kukata, ili ujionee kwa macho kwamba waya umeachana. Ukivuta isoleta umeme ukiwa unapita, moto hautakatika, utarefuka na kukufuata. Nilimwona mwenzangu mmoja akikosea hivyo. Alipona, lakini nyusi zilichukua miezi kurudi, na tukawa tunamwita Bwana Harusi kwa jinsi alivyong'aa uso. Fyuzi nayo ni waya mwembamba uliotolewa mhanga: umeme ukizidi, inayeyuka yenyewe. Na rilei ni kile kijisanduku chenye kioo kinachoupima umeme wakati wote na kuiamrisha breka ikate. Breka ina nguvu lakini haina akili, rilei ina akili lakini haina nguvu. Ndoa nyingi ziko hivyo na zinadumu.

Kilichonisumbua kuelewa ni kwa nini kila breka imepewa subira yake. Mzee Nambunga akanieleza kwa mambo ya kijijini. Jirani akigombana na jirani kwa sababu ya mbuzi aliyekula mihogo, kesi inaanza kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akishindwa, inapanda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akishindwa, kata. Haianzi wilayani. Vivyo hivyo shoti ikitokea kwenye mashine ya kusaga, breka ya mashine ikate mara moja. Ile ya juu yake isubiri kidogo, ione kama mdogo wake ameweza. Asipoweza, ndipo ikate yenyewe, hata kama mji mzima utakosa umeme. "Ukiona Newala yote imezimika kwa sababu ya pampu moja," aliniambia, "ujue kuna balozi alilala."

Naomba mkumbuke maneno hayo, tutayarudia.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Fimbo ndefu ya kuvutia isoleta, tesita ya kupimia umeme, nyaya nene za ethi zenye vibano, za kuupeleka umeme ardhini, na kufuli. Kila fundi alikuwa na kufuli lake na ufunguo mmoja tu, unaokaa shingoni. Ukizima laini ili ufanye kazi, unafunga kufuli lako kwenye mpini wa swichi, na hakuna binadamu mwingine wa kulifungua, awe mkubwa kiasi gani. Langu nililifunga utepe wa khanga nyekundu ili lisichanganywe. Mzee Nambunga alinikaririsha: zima, tenganisha, funga kufuli, pima, tia ethi. Nilikariri njiani, nilikariri nikipika. Nilipokuwa na uchungu wa kumzaa Hawa, nesi alimwuliza mume wangu kama natokea familia ya waganga, maana nilikuwa nasema "pima, tia ethi, pima, tia ethi" hadi mtoto akatoka.

Kesi ngumu ninayopenda kuisimulia ni ya mashine ya kusaga ya Mkunya. Transfoma ya pale ilikuwa inalalamika kila wiki. Tukaenda, mimi na Mzee Nambunga. Mwenye mashine, Baba Zuhura, alitupokea kwa heshima zote, akatutandikia mkeka, akatuletea bakuli la korosho. Kila tukisema tuone sanduku la fyuzi, bakuli lingine linakuja. La tatu lilipofika, mzee akanikonyeza, nikaenda mwenyewe. Fyuzi haikuwepo. Mahali pake palikuwa na msumari wa inchi nne, umekazwa vizuri, na kando yake misumari mingine mitatu ya akiba juu ya kijibao.

"Baba Zuhura, hii ni nini?"

"Fyuzi."

"Huu ni msumari."

"Zile mnazoleta ninyi dhaifu, Mama Hawa. Zinakatika kila siku. Hii tangu mwaka jana haijakatika."

Mzee Nambunga alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akambananisha na swali moja: "Baba Zuhura, ukimweka mlinzi getini, halafu mwizi akija mlinzi hapigi kelele, utamsifu kwamba hana usumbufu?" Msumari tuliung'oa. Tuliondoka na korosho, na mtambo ukawekewa fyuzi ya ukubwa wake. Nilikuwa najiona mjuzi sana siku hiyo. Njia nzima ya kurudi Masasi nilikuwa nawasema watu wa uwandani na akili zao za misumari. Mzee alikuwa anatafuna korosho.

Sasa nifike kwa yule mzee wa gunia. Wakati huo nilikuwa nimeshahamishiwa Newala.

Newala, kama mjuavyo, iko juu. Kwingine maji hushuka, kule hupanda. Chini ya mteremko, bondeni, kulikuwa na kituo cha pampu kilichosukuma maji hadi juu uwandani. Pampu zikilala siku mbili, mjini ndoo zinapangwa foleni kabla ya adhana ya alfajiri. Mtunza pampu alikuwa Baba Somoe, Mmakonde, mwembamba, mwenye maneno kuliko redio. Mimi Mmakua wa Chiwata. Kwa hiyo tulikuwa watani, na utani wetu hamkuuona ninyi wa sasa mnaotaniana kwa simu. Nilipofika kituoni alikuwa ananipokonya chakula mkononi akakila mbele yangu. Alipofiwa na babake nilikwenda msibani, nikalala mahali pa maiti kabla haijaletwa, nikakataa kuondoka mpaka nipewe kuku. Nilipewa. Ndiyo desturi, na mtani hakasirikiwi.

Mume wangu alikuwa na shamba la mikorosho Mkunya. Mwaka mmoja tulipata salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho, mapema, magunia sita, miezi mingi kabla ya wakati wa kupulizia. Ninyi wote ni watoto wa wakulima, mnajua salfa inavyolindwa. Ikipata unyevu inaganda. Ikionekana inaibwa. Paa la nyumba yetu ya shambani lilikuwa linavuja, na mwaka wa nyuma tulishaibiwa. Nikafikiri wapi kuna sakafu ya saruji, paa zima, mlango wa chuma, kufuli, na juu yake picha ya fuvu la kichwa inayofukuza wezi. Chumba cha swichi cha bondeni. Ningewauliza watu mia wa kule uwandani, wote wangeniambia hapo ndipo ghala bora kuliko yote, na wangenisifu kwa akili.

Nilifika na magunia kwenye pikapu ya kazi. Baba Somoe akasimama mlangoni.

"Ntani, humu hakuwekwi kitu. Kitabu cha kanuni kinasema."

"Kitabu kakiandika nani?"

"Sijui mie. Wewe ndiye ulokileta."

"Basi mimi ndiye mwenye kitabu. Pisha."

"Mama Hawa, leo sitanii."

"Mimi natania. Beba upande huo."

Akabeba. Angefanyaje? Nilikuwa fundi wa swichi, yeye mtunza pampu, na juu ya hayo mtani. Ili magunia yasishike unyevu wa saruji, nilileta kutoka nyumbani chaga mbili za kitanda changu, zilizopakwa rangi ya kijani, tukazilaza sakafuni na kupanga magunia juu yake. Nikamwambia, "Yakipungua hata moja, nitachukua mkeo." Tukacheka.

Masika ikapita. Nilikwenda pale mara mbili kukagua. Mara ya pili niliona vipande vya shaba ndani ya kabati vimeanza kuwa vyeusi. Nikasema ni uzee. Nilitakiwa kuipima rilei mwaka ule. Nikaona mwaka jana ilikuwa nzima, na nilikuwa na safari ya Masasi. Nayaandika haya kwa mkono wangu, ili asije akatokea kijana wa kusema Mama Hawa alikuwa hakosei.

Asubuhi moja, saa nne, jua limewaka, Newala yote ikazimika. Mji mzima, hospitali, mashine, soko. Dakika chache baadaye simu ikaja kutoka bondeni: Baba Somoe ameungua.

Ilikuwa hivi. Aliwasha pampu ya pili kama kila siku. Waya wa mota ulikuwa umechubuka ndani, ikapiga shoti kwenye sanduku la kuwashia, pale aliposimama. Breka ya pampu ilikuwa na jukumu la kukata papo hapo. Haikukata. Moto ukaendelea kuunguruma ndani ya sanduku mpaka breka ya juu, kule kituo cha uwandani, ilipoona mdogo wake ameshindwa, ikakata yenyewe na kuuzima mji. Subira ile ni ndogo, hata sekunde haifiki. Lakini mlango wa sanduku ulikuwa umeshafunguka, na mkono wake wa kulia ulikuwa mbele.

Kabla sijafika bondeni walishatangulia mabwana watatu kutoka mkoani, waliokuwa Newala siku ile kwa ukaguzi. Kwenye sakafu, karibu na mguu wa breka, waliokota kipande cha mbao cha kijani. Wakatazamana. Watunza mitambo wengine walishakamatwa wakikaza mpini wa breka kwa mti ili isikate kila mara, mti huo ni ndugu wa ule msumari wa Mkunya. Wakahitimisha: huyu naye kaikaza breka, mji umezimika kwa ujinga wake, na hapa kazi imekwisha. Mmoja akanionyesha ile mbao. "Fundi, umeona akili za watu wako?"

Nilikuwa naijua ile mbao kuliko yeye. Nimeilalia miaka.

Magunia hayakuwepo. Nilifungua kioo cha rilei, mpira wa kukiziba ulikuwa umechoka. Vile vidole vyake vidogo vya fedha, vinavyogusana kupeleka amri, vilikuwa vyeusi kama tako la sufuria. Nikainusa. Kiberiti. Mtajifunza darasani kwamba salfa huila shaba na fedha bila kuzigusa, mvuke wake tu unatosha, na wakati wa unyevu ndiyo huchapuka. Rilei iliona shoti, ikaamrisha, na amri ikaishia kwenye ule weusi. Balozi hakulala. Mimi ndiye niliyemziba mdomo. Nikafunga kioo, nikasema nitaandika ripoti, nikaing'oa ile rilei nikaondoka nayo.

Hospitalini nilimkuta mkono umefungwa bandeji hadi kiwikoni, mkewe Mama Somoe anampepea kwa kipande cha boksi. Aliponiona akacheka.

"Magunia yako yapo kwa mama mkwe wangu. Makavu."

"Uliyatoa saa ngapi?"

"Kabla hawajanipakia garini. Niliwaambia vijana wayatoe kwanza, ndiyo mie nipande." Akajaribu kugeuka. "Nadhani chaga moja ilibaki. Samahani."

Aliniomba samahani. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sitarajii kuiona nyingine mpaka kaburini.

"Wamekuuliza?"

"Wameniuliza. Nikasema sijui."

"Watakufukuza, Baba Somoe. Wanasema umeikaza breka."

"Ninayo mihogo. Na wewe ntani wangu, nikikutaja leo, kesho nitamtania nani?"

Alikuwa anacheka, lakini Mama Somoe hakucheka. Aliacha kupepea, akasema taratibu bila kunitazama, "Mihogo ipo, Mama Hawa. Jina lake je? Miaka yote ile bondeni, maji yanapanda, leo aondoke kama mharibifu?"

Nikatoka. Nilitaka kwenda nyumbani, miguu ikanipeleka kwa Mzee Nambunga, aliyekuwa ameshastaafu na macho yamemfifia. Alikuwa barazani anabangua korosho kwa kupapasa. Nikamwamkia, nikakaa chini. Akaanza kunihoji kama zamani.

"Rilei iliona?"

"Iliona."

"Ikaamrisha?"

"Iliamrisha. Amri haikufika, kulikuwa na uchafu."

"Uchafu wa nani?"

Nikaanza kumwokotea maganda. Akatafuna korosho moja polepole, akatema ganda.

"Aa. Sasa unangoja nini, binti? Unangoja kesi ifike wilayani?"

Nikainuka, nikamuaga. Kesi ilikuwa ndogo bado, ya balozi, na balozi alikuwa mimi. Nikirudi nyumbani bila kukata, ingepanda hadi imwangukie asiyehusika.

Kesho yake mabwana watatu walikuwa ofisini kumalizia barua ya Baba Somoe. Niliingia na chaga ya pili, ile iliyobaki chini ya magunia kwa mama mkwe, nikaiweka mezani kando ya ile yao. Kijani kwa kijani, urefu ni ule ule, alama za misumari mahali pamoja. "Hizi ni chaga za kitanda changu," nikasema. "Na zilikuwa zimebeba salfa yangu." Nikawawekea na ile rilei waione, nikawapa ripoti kurasa mbili. Sentensi ya mwisho naikumbuka kwa moyo: "Magunia sita ya salfa yaliwekwa chumbani na fundi anayeandika ripoti hii, baada ya mtunza pampu kumkataza." Mmoja wao aliniuliza kama nina hakika nataka ibaki hivyo. Nikamwambia fundi haandiki kwa penseli.

Niliadhibiwa. Kwa kuwa tumekubaliana habari za vyeo hatuzungumzi, tupite. Baba Somoe alirudi bondeni miezi mitatu baadaye, mkono wa kulia umekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakaushwa, lakini vidole vinashika. Lile tangazo mnaloliona kwenye kila mlango wa chumba cha swichi, "Chumba hiki hakiwekwi kitu chochote," ambalo mmoja wenu juzi aliniambia limetungwa na wataalamu wa Dar es Salaam, lilitungwa na magunia yangu. Kila nilipokutana na Baba Somoe alininyooshea mkono ule ule. "Shika, Mmakua. Shika ulichokipika." Nikaushika, mbele za watu, kila mara. Ilikuwa haki yake na mtani hakasirikiwi.

Salfa, lakini, haijui utani. Shaba haijui cheo chako, wala nani kaandika kitabu. Mtunza mitambo akikwambia humu hakuwekwi kitu, sikiliza, hata kama kitabu umemletea wewe.

Jambo moja sikumwambia mtu. Kitanda changu sikukitia chaga nyingine. Fundi seremala alikuwa jirani, mbao zilikuwepo, mume wangu Mungu amrehemu alinung'unika mpaka akazoea. Katikati godoro likawa linazama. Nililala kwenye pengo lile miaka yote, na kila nikijigeuza mgongo ulinikumbusha chumba cha bondeni. Nadhani Baba Somoe alilijua kwa mkewe, maana Mama Somoe aliwahi kulala kwangu siku za msiba, na asubuhi aliamka akishika kiuno, akanitazama.

Basi gunia lile. Mlipoondoka wote nililiburuta hadi nyumbani, nikalifungua peke yangu. Ni gunia tupu la salfa, moja kati ya yale sita. Ndani yake mlikuwa na mbao mbili za kijani. Mabwana wale walipomaliza kesi waliziacha kituoni, naye Baba Somoe akaziweka miaka yote hiyo, kavu, hakuna mchwa aliyezigusa.

Nimezirudisha mahali pake kitandani. Zimeingia sawasawa, hata sikutafuta nyundo. Jana nimelala mpaka jua likanikuta.